Nzuri, ila: Habari yenye suluhisho inagharimu shilingi ngapi?

Mswahili akiulizwa habari hujibu nzuri. Awe kalala njaa, awe ana mgonjwa ndani, jibu la kwanza ni nzuri. Shida huja baadaye, na hutanguliwa na neno moja dogo: ila. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mama mdogo miguu inamsumbua." Magazeti yetu yameupindua mpangilio huo. Yanafungua na ila, yanafunga na ila: ajali, ubadhirifu, mafuriko, mgomo. Ile nzuri ukiitafuta utaikuta kwenye matangazo ya biashara.

Wapo waandishi walioamua kuupindua tena. Mwaka 2010 waandishi wawili, David Bornstein na Tina Rosenberg, walianzisha safu iliyoitwa Fixes katika gazeti la New York Times. Mwaka 2013, pamoja na Courtney Martin, wakaunda taasisi ya Solutions Journalism Network. Wazo lao halikuwa kuandika habari za kufurahisha. Walitaka mwandishi anayechunguza tatizo achunguze pia, kwa ukali uleule, watu wanaojaribu kulitatua. Wakaweka masharti manne: eleza jibu lenyewe linavyofanya kazi, toa funzo ambalo mtu wa mahali pengine anaweza kulitumia, onyesha ushahidi, kisha sema jibu hilo linakwama wapi. Sharti la nne ndilo ila letu, na ndilo ninalotaka kulipigia hesabu, maana ndilo la kwanza kukatwa pesa zikipungua.

Kwanza tuwatazame wanaokimbia habari. Taasisi ya Reuters iliyoko Chuo Kikuu cha Oxford huuliza watu kila mwaka namna wanavyofuata habari. Mwaka 2017 waliosema kwamba huzikwepa, mara nyingi au wakati mwingine, walikuwa asilimia 29. Mwaka 2025 walifika asilimia 40. Kwa lugha ya mtaani, zamani katika watu kumi watatu walikuwa wakibadili stesheni taarifa ya habari ikianza, sasa ni wanne. Utafiti huo wa 2025 uligusa watu karibu 100,000 katika nchi na maeneo 48. Kenya imo, Tanzania haimo. Na hata Kenya wanaohojiwa ni watu wa mtandaoni wanaosoma Kiingereza, kwa hiyo mfugaji wa Turkana mwenye redio ya betri hahesabiwi. Ichukue kama dalili basi, usiichukue kama sensa.

Dalili nyingine ni ya BBC. Idhaa yake ya Dunia, katika utafiti wa katikati ya muongo uliopita, ilikuta asilimia 64 ya watu walio chini ya umri wa miaka 35 wakitaka habari ziwape na suluhisho. Takwimu hii hupendwa sana kwenye semina. Mimi huiangalia kwa jicho la pembeni. Mtu ukimuuliza anapenda kula nini atakutajia mchicha na matunda. Mfuate saa mbili usiku utamkuta kwenye kibanda cha chipsi mayai. Asemalo msomaji ni jambo moja, anachobofya ni jingine.

Kuhusu anachobofya tuna hesabu nzuri, na kwa kichekesho inatoka kwenye tovuti iliyojijengea jina kwa habari za kutia moyo. Upworthy ya Marekani, kati ya Januari 2013 na Aprili 2015, ilikuwa na mtindo wa kujaribu vichwa kadhaa vya habari kwa stori moja, kila kimoja kwa kundi lake la wasomaji, ili kuona kipi kinavuta zaidi. Watafiti walipewa kumbukumbu hizo zote, na mwaka 2023 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature Human Behaviour. Walichambua matoleo ya vichwa vya habari yapatayo 105,000, yaliyoonekana mara zaidi ya milioni 370 na kubofywa mara milioni 5.7. Walikuta kwamba, kwa kichwa cha urefu wa kawaida, kila neno baya linaloongezwa hupandisha kubofywa kwa asilimia 2.3. Maneno mazuri yalishusha.

Wahariri wengi wakisikia hapo husema si unaona, damu inauza. Lakini ngoja tuishushe asilimia hiyo mpaka kwenye idadi ya watu. Milioni 5.7 ndani ya milioni 370 ni kama asilimia 1.54. Kichwa kikipita machoni mwa watu mara 100,000, kitabofywa mara 1,540 hivi. Ongeza neno baya moja, ile 2.3 inahesabiwa juu ya hiyo 1,540, nawe unapata kama 1,575. Umevuna mibofyo 35. Tufanye kwa mfano kwamba kila mbofyo unakuletea shilingi tano za matangazo, nami nimekuwa mkarimu: hiyo ni Sh175. Andazi kwa muuzaji wangu ni Sh200.

Kumbe hasara ya kuacha kutisha watu ni ndogo hivyo kwa gazeti moja na stori moja? Ndiyo. Ukubwa unaonekana ukipanda juu. Kwa zile mara milioni 370, mibofyo 35 kwa kila laki inakuwa kama 130,000. Mwenye mtandao wa kijamii anayepitisha mamilioni ya vichwa kwa saa anazo sababu za kupenda giza. Mwenye gazeti la mkoani anamwiga tajiri ambaye faida yake haimfikii.

Sasa tuje kwa msomaji mwenyewe. Akishasoma habari yenye suluhisho, anabadilika nini? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, wakishirikiana na taasisi ya kina Bornstein, waliwapa Wamarekani 755 habari za mada tatu: watoto wa shule waliopatwa na misukosuko, watu wasio na makazi mijini, na ukosefu wa nguo kwa maskini wa dunia. Nusu walisoma habari ikiwa na tatizo tu. Nusu ya pili walisoma habari ileile ikiwa na jibu linalojaribiwa. Hawa wa pili walijiona wameelewa zaidi, walipata moyo zaidi, na walisema wangemwambia mtu mwingine.

Neno la kukodolea macho hapo ni walisema. Mtafiti Karen McIntyre alikwenda hatua moja mbele. Hakuishia kwenye hisia na nia, alipima na matendo. Matokeo yake, yaliyochapishwa katika jarida la Journalism Practice mwaka 2019, yanapaswa kubandikwa ukutani kila mahali tunapofundishana mbinu hii. Waliosoma kuhusu suluhisho lililofaulu walipungukiwa na uchungu moyoni, na waliipenda habari yenyewe zaidi. Lakini hawakuwa tayari kutenda kuliko wenzao, na hawakutenda kuliko wenzao.

Sisemi hivi kuibomoa mbinu. Mtu aliyetulia moyo kesho atafungua tena redio, na huyo ni faida kubwa kwa chombo kinachopoteza wasikilizaji. Ila tusimuuzie mfadhili kitu ambacho hakimo ghalani. Makala huutuliza moyo kwa bei nafuu. Mguu kuunyanyua ni bei nyingine kabisa, nitairudia mwishoni.

Bei ya makala yenyewe basi. Nitachukua mfano wa hapa kwetu, mkubwa na wa kweli. Februari 2025 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mpango wa Safer Births katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa mitano ya Tanzania: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walipewa vifaa, kikiwemo cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, na sanamu za kufanyia mazoezi. Tofauti na semina za hotelini tulizozizoea, mazoezi yalikuwa mafupi, ya mara kwa mara, humohumo wodini. Data zilihusu akina mama na watoto wanaokaribia jozi 300,000. Kichwa cha habari kilichozunguka dunia ni hiki: vifo vya wajawazito vimeshuka kwa asilimia 75, kutoka kama 240 hadi 60 katika kila vizazi 100,000.

Habari nzuri, na ni ya kwetu. Mwandishi mvivu angeishia hapo. Mwandishi wa sharti la nne anafungua ripoti na kukuta kwamba kipimo kikuu cha utafiti hakikuwa hicho. Kipimo kikuu kilikuwa watoto wanaofia tumboni wakati wa uchungu, au wanaofariki ndani ya saa 24 za kwanza. Hao walishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila vizazi 1,000, yaani asilimia 18. Kwenye hospitali inayozalisha akina mama 3,000 kwa mwaka hao ni watoto wanane au tisa, wenye majina na sare zao za shule miaka sita baadaye. Si haba hata kidogo, lakini 18 siyo 75. Na zaidi ya hapo, mafanikio hayakulingana: mkoa na mkoa matokeo yalitofautiana sana. Kwa hiyo stori yenyewe haiko kwenye mkoa uliofanikiwa peke yake. Iko kwenye swali la kwa nini sanamu zilezile na mazoezi yaleyale yazae matunda tofauti. Upungufu wa wakunga? Rufaa za wagonjwa mahututi kutoka vituo vidogo? Mganga mfawidhi aliyehamishwa? Hilo halijibiwi kwa simu. Lazima mtu apande basi.

Tumpandishe, basi. Hesabu ifuatayo ni ya mfukoni mwangu, makadirio ya mwandishi wa mikoani anayelipwa kwa stori, kama walivyo wengi. Tuseme gazeti linamlipa Sh30,000 kwa stori, na kwa siku ya kawaida hupata moja: mkutano wa mkuu wa wilaya, kesi mahakamani, uzinduzi wa kisima. Safari ya kufika hospitali mbili, iliyofanikiwa na isiyofanikiwa sana, ni usiku sita. Gesti kwa Sh25,000 inakuwa Sh150,000. Chakula siku saba kwa Sh15,000, ni Sh105,000. Mabasi na bodaboda Sh140,000. Bando na vocha Sh20,000. Jumla Sh415,000 taslimu. Juu yake kuna siku: mbili za kusoma ripoti ile ya kitaalamu, saba za safari, moja ya kumtafuta mtaalamu asiyehusika na mradi, mbili za kuandika. Siku 12, ambazo angeandika stori 12 na kupata Sh360,000. Weka pamoja: Sh775,000. Na mwisho wa yote gazeti litamlipa Sh30,000 zake.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo bila ila. Aende hospitali moja tu, ile inayong'ara. Usiku tatu gesti, Sh75,000. Chakula siku nne, Sh60,000. Nauli Sh100,000, bando Sh10,000. Siku tano pamoja na ya kuandika, anapoteza Sh150,000. Jumla Sh395,000. Tofauti ni Sh380,000. Karibu nusu ya gharama ya habari yenye suluhisho ni ushahidi na mipaka yake, vitu viwili ambavyo msomaji asiyekuwa makini hataona vikikosekana. Stori itasomeka vizuri tu. Picha ya mkunga akitabasamu itakuwepo.

Hapa ndipo gari la mradi linapoingia. Karibu kila mwandishi wa mikoani analijua: Land Cruiser jeupe, maji ya chupa, posho ya siku mbili, afisa mawasiliano mchangamfu. Kwa gari hilo ile Sh395,000 inafutika kabisa, stori haigharimu chumba cha habari hata senti. Lakini hakuna gari la mradi linalokupeleka mahali mradi ulikokwama. Mtu hahitaji hata bahasha ili apotoshwe. Njia iliyochorwa na mwenye gari inatosha. Ndiyo maana nasema Sh380,000 ndizo bei ya uandishi. Zilizobaki ni bei ya tangazo.

Nami nimewahi kuonja kidogo ila langu likikatwa. Kuna chombo kimoja nilikiandikia makala kuhusu mradi wa maji wa kijiji ambao ulikuwa ukienda vizuri kwa mwaka wa tatu, kwa kuwa kamati ya maji ilikusanya Sh50 kwa ndoo na kuweka vitabu vya hesabu wazi ukutani. Aya mbili za mwisho zilieleza vitongoji viwili vya jirani vilivyojaribu mfumo huohuo vikashindwa, kwa sababu watu wao walikuwa na kisima cha bure karibu. Makala ilitoka bila aya hizo. Nafasi ilijaa, niliambiwa. Baadaye nikakutana na diwani mmoja aliyeikata na kuihifadhi, akitaka kata yake yote iige. Kata yenye visima vya bure kila kona.

Wenye uwezo wa kulipa Sh380,000 ni nani? Marekani jibu limekuwa mifuko ya hisani. Seattle Times ilipoanzisha dawati lake la elimu, Education Lab, mwaka 2013, lilifadhiliwa na Gates Foundation, mfuko ambao nao una mawazo yake mazito kuhusu shule za Marekani ziendeshweje. Gazeti likaeleza kwamba anayelipa haamui kinachoandikwa. Huenda ni kweli. Ila swali halikuisha, na kwetu, ambako mfadhili wa mradi na mfadhili wa mwandishi huweza kuwa ofisi moja yenye milango miwili, lingekuwa kubwa zaidi. Rwanda kuna somo la aina nyingine: McIntyre na mwenzake Meghan Sobel waliwahoji waandishi wa huko, wakakuta wengi wanaandika habari za kujenga kwa makusudi, kwa kukumbuka kazi ya kuchochea mauaji ya kimbari iliyofanywa na redio ya RTLM mwaka 1994. Nani atawalaumu? Ila hatua kati ya habari ya kujenga na habari ya kusifu ni fupi kuliko tunavyokiri, hasa pale serikali inapopenda kusikia nzuri tupu.

Tugawe sasa ile Sh775,000 kwa watu. Makala ikisomwa na watu 5,000 gazetini, kila mmoja amegharimu Sh155. Ikisomwa redioni kwa Kiswahili na kusikika kwa watu 500,000, kila mmoja anagharimu Sh1.55. Pipi moja ya dukani inawalipia wasikilizaji kadhaa. Kwa hesabu hiyo kitu ghali ni kuandika vibaya kisha kutangaza sana.

Kuna wasomaji wa namna nyingine ambao hawaonekani kwenye mgawanyo huo. Cleveland, jimbo la Ohio, watoto wa nyumba za kupanga walikuwa wakidhurika na madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi kuukuu. Mwaka 2015 gazeti la Plain Dealer halikuishia kuhesabu watoto wagonjwa. Lilionyesha pia mji wa Rochester, New York, ambao tangu 2005 ulikuwa na sheria ya kukagua nyumba hizo. Viongozi wa Cleveland wakakosa kisingizio cha haiwezekani. Julai 2019 baraza la mji likapitisha sheria yake. Miaka minne, na wengine wengi walisukuma gari hilo pamoja na gazeti. Lakini msomaji aliyelengwa hapo hakuwa laki tano. Alikuwa diwani mmoja mmoja, anayeulizwa na wapiga kura wake mbona wenzetu wameweza.

Na ule mguu? Kwa kuunyanyua tunao mfano wa zamani kuliko hawa wote. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Haikuwa uandishi wa habari, ilikuwa kampeni ya serikali, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ilijaribu kitu ambacho McIntyre hakukijaribu. Watu wapatao milioni mbili walisikiliza vipindi kwa wiki kadhaa, na hawakusikiliza kila mtu kwake. Walikaa vikundi, wakiwa na kitabu, wakiwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofundishwa mapema. Kipindi kikiisha redio ilizimwa, watu wakajadili, wakakubaliana la kufanya, wiki iliyofuata wakakutana tena. Vyoo vikachimbwa. Milioni mbili kwa 75,000 ni kama watu 27 kwa kiongozi mmoja.

McIntyre alimpima mtu aliyekaa peke yake mbele ya makala. Mtu wa namna hiyo hana wa kumuuliza wiki ijayo. Nimekuwa nikiitazama hiyo 27 kwa sababu naijua kutoka mahali pengine. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, VICOBA, mara nyingi huwa na wanachama wasiozidi 30. Wana mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wana siku maalumu ya kukutana, wana faini kwa anayechelewa. Kuwafundisha viongozi 75,000 lilikuwa fungu zito la kampeni ile. Hawa wamekwisha kuchaguana wenyewe, na redio ya jamii ya wilayani huenda wengi wao wanaisikiliza tayari. Makala ya dakika kumi kuhusu kamati ya maji yenye vitabu ukutani, pamoja na vile vitongoji viwili vilivyoshindwa, inaingia kwenye simu ya katibu kwa bando la Sh500. Inachezwa kikaoni baada ya kununua hisa, kabla ya kufungua sanduku la mikopo.